Karafuu, mchaichai, limau au pafyumu ya dukani: kupima usalama wa harufu kabla ya kuitia kwenye sabuni na losheni

Anayeanza kutengeneza sabuni au losheni nyumbani hapa Mwanza, iwe Igoma, Buhongwa au ng'ambo ya maji Sengerema, hapati taabu kubwa ya malighafi. Mawese na mise hutoka Kigoma, kostiki soda na gliserini zinauzwa mjini, na mafunzo ya kuchanganya hutolewa na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Linalomkwamisha ni harufu. Mbele yake zipo chupa nne: mafuta ya karafuu, mafuta ya mchaichai, mafuta ya maganda ya limau au ndimu, na ile chupa ya plastiki iliyobandikwa karatasi yenye neno moja tu, "Waridi" au "Lavenda", ambayo wauzaji huiita pafyumu. Wengi huchagua kwa pua na kwa bei. Wachache wanaouliza habari za usalama hujibiwa kwa mkato kwamba ya shambani haina madhara na ya dukani ni kemikali. Jibu hilo halimsaidii mtu, kwa sababu mafuta ya karafuu nayo ni kemikali, tena nyingi kwa pamoja, na ngozi huzipokea vilevile, ziwe zimetoka mtini au kiwandani.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya aliyesimama mbele ya chupa hizo nne na hajui aanzie wapi. Sitataja moja kuwa bora kuliko zote, kwa kuwa chupa inayoifaa sabuni ya mche yaweza isiifae kabisa losheni ya mtoto. Bei nimeiacha makusudi. Inapanda na kushuka, na haina la kutuambia kuhusu ngozi.

Vigezo vya kupimia

Kazi ya kupima usalama wa kiungo cha harufu haikuanza jana. Huko Marekani ipo taasisi ya utafiti iitwayo RIFM, iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo hukusanya na kufanya majaribio ya kiungo kimoja kimoja: kama kinaharibu vinasaba, kama kinadhuru viungo vya mwili kikitumika kila siku, kama kinaathiri uzazi na mimba, kama kinajenga mzio wa ngozi, kama kinaunguza ngozi kikipigwa na jua, kama kinadhuru njia ya hewa, na kinafanya nini kikifika kwenye maji na udongo. Matokeo hayo hutumiwa na IFRA, shirikisho la kimataifa la watengenezaji wa manukato lililoundwa mwaka 1973, kuweka viwango vya juu vya kila kiungo. Viwango hivyo hugawanywa katika makundi 12 ya bidhaa, kuanzia kitu cha kupaka midomoni hadi mshumaa usiogusa ngozi.

Mtengenezaji mdogo hana maabara ya kurudia majaribio hayo, wala hahitaji kuyarudia. Anachohitaji ni kujua maswali gani ayaulize mbele ya kila chupa. Mimi huuliza manne: je, kilichomo kinajulikana na hakibadiliki, kina nguvu gani ya kujenga mzio, kinafanya nini kikikutana na jua, na kinakaaje baada ya chupa kufunguliwa. Juu ya yote manne lipo swali la tano, ambalo huliuliza kwanza kabla sijashika mizani: bidhaa hii itaoshwa au itabaki mwilini? Sabuni hukaa kwenye ngozi kwa dakika moja au mbili kisha ikaondoka na maji. Losheni na mafuta ya mgando hubaki tangu asubuhi hadi mtu atakapooga jioni. Kiasi kile kile cha mafuta ya mchaichai kinaweza kuwa kidogo ndani ya sabuni na kikawa kingi mno ndani ya losheni, na ndiyo maana hakuna anayeweza kusema mafuta fulani ni salama bila kutaja yanatiwa wapi na kwa kipimo gani.

Kilichomo ndani ya chupa

Karafuu ndiyo inayoeleweka kwa urahisi kuliko zote. Sehemu kubwa ya mafuta yake, kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 90, ni kitu kimoja kinachoitwa eujenoli, ambacho namba yake ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kemikali, ni 97-53-0. (Namba hizi ni za kushikwa na kila mtengenezaji. Jina la kemikali hubadilika kutoka lugha moja hadi nyingine na kutoka lebo hadi lebo, lakini namba haibadiliki.) Mafuta yaliyokamuliwa kutoka makonyo, kama yale ya Pemba, huwa na eujenoli nyingi zaidi kuliko ya karafuu zenyewe, kwa hiyo ni vizuri kumuuliza muuzaji ni sehemu gani ya mkarafuu.

Mchaichai nao una bwana wake mmoja: sitrali, namba 5392-40-5, ambayo mara nyingi hufikia robo tatu ya mafuta yote. Hapa mabadiliko ni makubwa zaidi, maana mchaichai uliovunwa mapema na uliokomaa, uliokamuliwa ukiwa mbichi na uliokaushwa, hautoi mafuta yanayofanana. Anayekamua mwenyewe kwa mvuke, kama wanavyofanya baadhi ya wajasiriamali, ana bidhaa nzuri lakini hana karatasi inayosema asilimia ngapi ni sitrali. Mtu huyo achukulie asilimia 85 anapopiga hesabu, ili kosa likitokea liwe upande wa usalama.

Mafuta ya limau na ndimu yanategemea njia. Yaliyokamuliwa kwa kuminya maganda bila moto yanabeba limonini kwa wingi pamoja na vitu vizito viitwavyo furokumarini. Yaliyopitishwa kwenye mvuke yana limonini pia lakini hayana furokumarini, kwa kuwa hizo ni nzito na haziruki na mvuke. Tofauti hiyo ndogo ya njia ndiyo itakayoamua mambo tutakapofika kwenye jua.

Pafyumu ya dukani ndiyo yenye pande mbili zilizoachana kabisa. Ikija na karatasi zake, yaani cheti cha IFRA kinachotaja kiwango cha juu kwa kila kundi la bidhaa, pamoja na karatasi ya taarifa za usalama yenye namba za CAS, basi ndiyo inayojulikana kuliko chupa zote nne: kila pipa linafanana na lililotangulia, na hesabu imekwisha kufanywa na wenye maabara. Ikija bila karatasi, imemiminwa dukani kutoka kwenye dumu lisilojulikana, basi ndiyo isiyojulikana kuliko zote. Chupa mbili zinazonukia sawasawa zaweza kuwa na vitu tofauti kabisa, na pua haiwezi kuvitofautisha.

Hatari ya hali hiyo ya pili ina historia. Lyral, kiungo chenye harufu ya maua kilichotumika kwa miaka mingi duniani, kilipigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya, na tangu Agosti 2021 hakiruhusiwi hata kubaki kwenye rafu za maduka, kwa sababu kilikuwa kimewapa watu wengi mzio. Lilial nayo ilipigwa marufuku huko kuanzia tarehe 1 Machi 2022, baada ya kuwekwa katika daraja la vitu vinavyohofiwa kudhuru uzazi. Pafyumu iliyotengenezwa kabla ya hapo haikuyeyuka. Kwa hiyo, unapopewa karatasi ya usalama, tafuta namba 31906-04-4, ambayo ni ya Lyral, na 80-54-6, ambayo ni ya Lilial. Ukiikuta mojawapo, iache chupa hapo hapo.

Mzio wa ngozi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watengenezaji wengi wanapojidanganya bila kujua, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Muwasho na mzio ni vitu viwili. Muwasho humpata karibu kila mtu akipakwa kitu kikali vya kutosha, huja upesi, na huisha kikiondolewa. Mzio huja kwa hatua mbili. Kwanza mwili hukutana na kiungo mara nyingi, kimya kimya, kwa siku au majuma, pasipo dalili yoyote, huku ukijifunza kukitambua kama adui. Kisha siku moja ngozi hulipuka, na tangu hapo mtu huyo atalipuka kila akikutana nacho, hata kwa kiasi kidogo, kwa kawaida hadi mwisho wa maisha yake. Ndiyo maana ule ushahidi unaosikika kila siku, "nimejipaka mwenyewe kwenye mkono na sikuwashwa", hauthibitishi usalama. Unathibitisha tu kwamba mtu mmoja hakupata muwasho siku ile.

Miaka yangu ya mwanzo nilitengeneza losheni ya mchaichai kwa kupima na kifuniko cha chupa. Nilijipaka, nikampaka dada yangu, hakuna aliyewashwa. Jirani aliyeipenda kuliko wote aliipaka asubuhi na jioni, hasa shingoni, na katika wiki ya tano alikuja kunionyesha. Ngozi ya shingo ilikuwa imekuwa ya magamba na imevimba kwa mstari uliofuata kabisa pale mkono wake ulipopita, ukaishia chini ya sikio mahali ambapo hakuwa akipaka. Hakunilaumu, alisema labda ni joto. Nilipopima kile kifuniko kwa mizani ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nikitia karibu gramu 20 kwa kilo moja ya losheni.

Hesabu yake ni hii. Katika gramu 20 za mafuta ya mchaichai, robo tatu, yaani gramu 15, ni sitrali. Losheni ilikuwa basi na asilimia 1.5 ya sitrali. Tukichukulia kwamba mtu hupaka miligramu moja ya losheni kwa kila sentimita mraba ya ngozi, anaiwekea sentimita hiyo mikrogramu 15 za sitrali. Wataalamu wa RIFM wanatumia mikrogramu 1,400 kwa sentimita mraba kama kiwango ambacho hakitarajiwi kuanzisha mzio wa sitrali katika majaribio, kisha hukigawanya kwa namba kama 100 au 300, kwa kuwa watu hawafanani, ngozi iliyochubuka hupitisha zaidi, na losheni hurudiwa kila siku. Ukigawanya kwa 300 unabaki na mikrogramu 4.7 hivi. Losheni yangu ilikuwa imezidi mara tatu, na hapo bado hatujahesabu kwamba jirani huyo alioga na sabuni yangu ya mchaichai pia.

Kwa eujenoli ya karafuu, kiwango cha kuanzia cha RIFM ni mikrogramu 5,900, yaani zaidi ya mara nne ya kile cha sitrali. Kwa kigezo hiki peke yake karafuu ni pole kuliko mchaichai, jambo ambalo huwashangaza wengi, maana karafuu huchoma ulimini na mchaichai tunaunywa na chai. Lakini upole huo una mpaka. Eujenoli imo katika mchanganyiko wa kwanza wa manukato ambao madaktari wa ngozi huutumia kupima mzio kwa viraka mgongoni, na sitrali imo katika mchanganyiko wa pili. Viungo vyote viwili vimo humo kwa sababu vimeshawapata watu.

Limau, likiwa bichi na jipya, ni dhaifu katika kujenga mzio. Tatizo lake huja na uzee, nitakalolieleza chini. Pafyumu ya dukani haina jibu moja, kwa kuwa yaweza kuwa na viungo kumi au hamsini. Yenye cheti imeshafanyiwa hesabu kama hiyo niliyoifanya hapo juu kwa kila kiungo, ikabaki namba moja ya kufuata kwa kila kundi: kundi la 9 kwa sabuni na shampuu, kundi la 5 kwa losheni. Usichanganye makundi hayo. Nimeona watu wakisoma namba ya sabuni na kuitumia kwenye losheni.

Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005 huwataka watengenezaji waandike kwenye lebo viungo 26 vya harufu vinavyojulikana kwa mzio, vikizidi asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini au asilimia 0.01 katika inayooshwa, na sheria ya mwaka 2023 imeongeza orodha hiyo ikapita 80. Eujenoli, sitrali na limonini zimo tangu mwanzo. Hakuna anayekuzuia kuziandika kwenye lebo yako hapa Mwanza, na mteja aliyekwisha kupata mzio atakushukuru.

Jua

Mwanza iko karibu digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Jua letu ni kali mwaka mzima, na watu wengi hufanya kazi chini yake. Kigezo ambacho kwingine kinaweza kuwa cha pembeni, hapa ni cha kati.

Mama mmoja mwanika dagaa aliwahi kuja kwangu na mikono yake. Alikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia iliyokolea kutoka kwenye vifundo vya mikono kuelekea viwiko, na kwenye mmoja malengelenge yalikuwa bado hayajapasuka. "Mwanangu, sabuni yako imeniunguza," akaniambia. Nilimpa shikamoo, nikamkalisha, nikaitazama ile michirizi. Sabuni haiachi michirizi, povu hutapakaa. Hii ilikuwa imetelemka kama maji yatelemkavyo mtu anapoinua mkono. Nilipomuuliza anaondoaje shombo, akasema hukata ndimu nusu, akajisugua nayo, kisha hurudi kugeuza dagaa mchangani. Maji na mafuta ya ganda la ndimu yalikuwa yakitiririka hadi kwenye kiwiko, furokumarini zikabaki juu ya ngozi, na jua la saa tano likafanya yaliyobaki. Ngozi ya namna hiyo huwa nyekundu siku inayofuata, huzidi siku ya pili au ya tatu, na alama zake nyeusi zaweza kukaa miezi.

Basi kwa mafuta ya limau na ndimu yaliyominywa, kigezo cha jua ndicho kinachotawala. Kwa bidhaa inayobaki mwilini IFRA inaweka mpaka wa asilimia 2 kwa mafuta ya limau yaliyominywa na asilimia 0.7 kwa ya ndimu. Kwa bidhaa inayooshwa mpaka huo wa jua haupo. Yaliyokamuliwa kwa mvuke hayana tatizo hili, kwa hiyo anayetaka harufu ya ndimu kwenye losheni na ayatafute hayo, ilimradi muuzaji aweze kuonyesha kwa karatasi kwamba kweli ni ya mvuke. Kanda ya Ziwa ina ndugu zetu wengi wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya rangi. Bidhaa inayobaki mwilini iliyokusudiwa kwao isiwekwe mafuta ya kuminywa hata kidogo.

Karafuu na mchaichai hazijulikani kwa shida hii. Pafyumu yenye cheti huwa imeshazingatia jua. Isiyo na cheti, yenye jina la "Ndimu" au "Chungwa", inaweza kuwa na mafuta halisi ya maganda au isiwe nayo, na huwezi kujua.

Inakaaje baada ya kufunguliwa

Karafuu ni imara. Eujenoli yenyewe huzuia mafuta kuchacha, na kinachoonekana zaidi ni rangi kuzidi kuwa nyeusi. Katika sabuni ya baridi, yaani isiyopikwa motoni, hata hivyo, hukutana na kostiki na kuukaza mchanganyiko kwa ghafla. Mara ya kwanza mwiko ulinisimamia ndani ya ndoo kabla sijamimina kwenye fremu. Si hatari kwa mteja, ila mchanganyiko usiokorogeka vizuri waweza kuacha mifuko ya kostiki isiyokutana na mafuta, na hiyo ni hatari.

Mchaichai huchacha polepole na huigeuza sabuni kuwa ya njano.

Limau ndilo lenye shida. Limonini ikikutana na hewa hugeuka kuwa vitu vipya, viitwavyo hidroperoksaidi, ambavyo hujenga mzio kwa nguvu kuliko limonini yenyewe. Vivyo hivyo linaluli, iliyomo katika lavenda na katika pafyumu nyingi. IFRA inataka peroksaidi hizo zisizidi milimoli 20 kwa lita, na inashauri kuongezwa kizuia kuchacha kama vitamini E kwa kiasi cha asilimia 0.1. Chupa iliyojaa nusu, ikikaa chini ya bati mchana kutwa, huharibika mapema. Mafuta ya limau yanayoanza kunukia kama tapentaini hayafai tena kwa ngozi. Hamishia mafuta kwenye chupa ndogo za kioo cheusi zilizojaa hadi shingoni, ziweke mahali pa baridi, na andika tarehe ya kufungua.

Na chupa zote, hasa ya karafuu, zikae mbali na watoto. Mililita chache za mafuta ya karafuu zikinywewa na mtoto mdogo zaweza kuharibu ini na kumtia degedege. Usiyahifadhi kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Kuhusu ziwa nitasema kidogo. Maji ya kuogea ya sehemu kubwa ya mji hatimaye hufika ziwani, kwa Mto Mirongo au kwa mfereji. Baadhi ya miski za kutengenezwa, kama galaxolide yenye namba 1222-05-5, zimeorodheshwa Ulaya kuwa sumu kali kwa viumbe wa majini na hazimalizwi upesi na mazingira. Anayechagua pafyumu yenye karatasi aweza kuangalia hilo pia.

Nani achague nini

Ukitengeneza sabuni ya mche au ya maji kwa watu wazima, chupa zote nne zinaweza kukufaa. Mimi hutia gramu 10 za mafuta ya karafuu au ya mchaichai kwa kilo ya sabuni na sizidishi. Limau hufaa pia, ingawa harufu yake haidumu ndani ya sabuni. Pafyumu yenye cheti inampendelea anayetaka kila pipa linukie vilevile, hasa anayeuza kwenye maduka.

Ukitengeneza losheni au mafuta ya kujipaka, kaza mkono. Karafuu sivuki gramu 5 kwa kilo, na mchaichai gramu 1. Ukiona gramu 1 hainukii vya kutosha, mchaichai si harufu ya losheni yako. Chukua pafyumu yenye cheti na usome namba ya kundi la 5. Limau la kuminywa liache, isipokuwa kwa yule ambaye ana hakika ya kipimo na wateja wake hawashindi juani.

Kwa wanaofanya kazi na samaki, kule Mwaloni na kwenye mialo, watu hupenda sabuni yenye harufu ya ndimu kwa sababu ya shombo, na sabuni ya namna hiyo haina neno mradi wanaiosha ikatoka yote. Waambie tu wasijisugue na ndimu yenyewe kabla ya kutoka juani. Mama yule sasa huosha kwa sabuni na maji mengi, ndimu akaibakiza kwenye sahani.

Kwa watoto wachanga, na kwa mtu mwenye ukurutu au aliyekwisha kupata mzio, chupa inayofaa haimo kati ya hizo nne. Usitie harufu. Ngozi ya mtoto ni kubwa ukiilinganisha na uzito wake, kwa hiyo kila anachopakwa humwingia zaidi, na mafuta ya nazi au ya mise yananukia vya kutosha yenyewe.

Kwa anayetaka kuomba alama ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya vipodozi baada ya kuichukua kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, anza na harufu yenye karatasi kamili hata kama utailipia zaidi, kwani utahitaji kueleza kila kilichomo.

Na kwa aliyekwisha kununua lita nzima ya pafyumu isiyo na karatasi, hatua ya kwanza ni kurudi dukani na kuomba cheti cha IFRA na namba za CAS za pipa lile lile lililomiminwa, si la pipa jingine lenye jina linalofanana. Vikipatikana, hesabu inaanza upya kutoka hapo. Visipopatikana, usiitie kwenye kitu chochote kinachogusa ngozi. Kwa chupa yoyote utakayoitumia, fungua daftari: tarehe, uzito wa mafuta, uzito wa bidhaa, chupa gani, na waliouziwa. Siku mtu atakapokuja kukuonyesha shingo yake, utajua ni mchanganyiko upi wa kuondoa sokoni asubuhi hiyo hiyo.